Dole Gumba Katika Faili la Mkonze

Nyinyi mnaonunua kiwanja Jumamosi na ikifika Jumatatu mmeshamwaga kokoto, nipeni masikio kidogo kabla hamjaniita bibi wa makaratasi. Naitwa Agnesi. Nimefanya kazi masjala ya ardhi hapa Dodoma tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nimestaafu nikiwa na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuutafutia ule wa kwanza. Sikuwa wakili, sikuwa mpima, wala sikuwa mkubwa wa mtu yeyote. Nilikuwa karani. Lakini nyumba nyingi za mji huu, kuanzia Nkuhungu ninakokaa mpaka Ipagala, karatasi zake zilipita mikononi mwangu kabla hazijafika kwa mwenye sahihi kubwa, na nina mambo ya kujivunia ambayo leo sitayaficha.

Tuanze na hili, maana ndilo linalowaliza wengi. Mtu akikuuzia nyumba yenye hati, mkaandikiana mkataba, mkapiga picha na mwenyekiti wa mtaa akiwa katikati, mkanywa na soda, bado nyumba ni ya yule yule. Milki inahama siku msajili wa hati anapoliandika jina lako kwenye daftari lake. Kabla ya hapo ulichonacho ni mkataba na picha. Nimelirudia neno hili dirishani miaka na miaka, na kila mara kuna aliyeniangalia kana kwamba nimemwibia kiwanja mimi.

Halafu nendeni mkakione hicho kiwanja, tena mkakione wakati wa mvua. Mwalimu mmoja mgeni, aliyehamia huku serikali ilipohamia, alionyeshwa na dalali kiwanja tambarare, kina mchanga safi, hakina hata kisiki. Ilikuwa Septemba, na nyinyi mnaijua Dodoma ya Septemba. Akafurahi, akaandikishana na muuzaji, akaleta matofali. Januari alikuja ofisini akiwa amekunja suruali hadi magotini, anauliza kama serikali inaweza kuhamisha korongo. Nilimwambia serikali imehamisha mengi, lakini hilo hapana. Angewauliza majirani wa mpakani, wangemwambia kwamba maji hupita pale kila mwaka.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Lameck, karani mkuu wa masjala enzi hizo, mtu mfupi, mkali, mwenye sweta la kijivu hata jua likiwa la utosi. Masjala ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za mbao, mafaili yamefungwa kwa kamba, na mchwa ambao Mzee Lameck alipigana nao kila siku kwa mafuta ya taa. Siku yangu ya kwanza nilipewa faili, nikalifungua na kuanza kusoma karatasi ya juu. Akanipiga mkononi kwa rula.

"Unaanzia wapi?"

"Hapa juu, mzee."

"Juu kuna wenye haraka. Anza chini."

Alikuwa na maana yake. Karatasi zinapoingia kwenye faili hulaliana, mpya juu ya kuukuu, kila moja na namba yake kwa kalamu nyekundu. Anayetaka jambo lipite upesi huwa hapo juu. Chini kabisa ndiko ilikoanzia hiyo nyumba: nani aliomba kiwanja, nani alikuwa mume, nani mke, mpaka uliwekwa wapi. Siku hizi faili liko kwenye kompyuta na nyinyi mnabonyeza tu. Basi bonyezeni mpaka ile karatasi ya kwanza.

Mzee Lameck ndiye aliyenifundisha pia habari ya ridhaa. Sheria inasema nyumba wanayoishi mume na mke haiuzwi na mmoja peke yake. Mwenzake lazima aridhie, na aridhie kwa maandishi. Siku moja akaja bwana wa makamo na mwanamke aliyejifunga khanga mpya, wakasema ni mke na mume, wanataka kuuza. Mzee Lameck akamtoa bwana nje, akabaki na mama, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mvua ikinyesha, nyumba yenu inavuja wapi?" Yule mama akajibu kwa fahari, "Haivuji popote, mzee, kaka yangu huyo aliijenga vizuri." Mzee akaandika jibu hilo neno kwa neno, akamwita bwana ndani, akamsomea. Walitoka bila kuaga, na khanga ilikuwa bado na lebo ya dukani.

Na la tatu alilonifundisha ndilo lililokuja kuniokoa. Ukiona jambo baya kwenye faili, alisema, usibishane na mkubwa wako mdomoni, utashindwa. Andika dokezo. Dokezo ni karatasi ndogo ya ofisi: unaandika ulichokiona, unalitia namba, unaweka tarehe na sahihi, unalifunga ndani ya faili. Likishapata namba halichomoki bila pengo kuonekana, na anayefuata lazima alijibu kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa niwaambie habari ya Mkonze, ambayo nikiikumbuka bado natembea kifua mbele.

Mzee Lameck alikuwa ameshastaafu na mimi nilikuwa nimekalia kiti chake. Asubuhi moja akaja dirishani mwanamume mrefu, viatu vinang'aa, anaongea taratibu, ananiita dada yangu. Jina lake Daudi. Alikuja kuhamishia kwake nyumba ya kaka yake, iliyoko Mkonze, nyumba ya vyumba vinne yenye mizabibu kidogo nyuma. Kaka alikuwa ameshafariki. Lakini Daudi hakuja kwa njia ya mirathi. Alisema kaka yake alimuuzia kabla ya kufa, na kila kitu alikuwa nacho: hati yenyewe, mkataba wa mauziano, hati ya kuhamisha milki yenye sahihi ya marehemu, na fomu ya ridhaa ya mke. Kwenye ridhaa hapakuwa na sahihi. Palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau, na chini yake limeandikwa jina: Sechelela.

Nikakagua. Fomu zimekamilika, picha zimebandikwa, kodi ya ardhi imelipwa. Lile dole nililiangalia nikalipita. Mwanamke wa Mkonze, mjane, mtu mzima, ameweka dole. Kuna ajabu gani? Mama yangu mzazi kule Mvumi aliweka dole maisha yake yote, kwenye kadi ya kliniki, kwenye kitabu cha kanisa, kila mahali. Nikapiga muhuri wa kupokea. Wala sikuanzia chini. Mimi, niliyepigwa rula kwa ajili hiyo hiyo.

Siku tatu baadaye akaja mama mmoja, amevaa gauni la kitenge na sweta, amebeba mkoba wa ukili. Alingoja mstari uishe ndipo akasogea dirishani.

"Mbukwenyi, mwanangu," akanisalimu kwa Kigogo.

Nikainuka kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Shemeji yangu amenipa wiki mbili nitoke nyumbani kwangu. Anasema nyumba imeshahamia kwake, na yuko mnunuzi anasubiri. Mimi nimeishi mle toka tunafyatua matofali. Nataka kujua kama ni kweli."

Nikamuuliza jina. Aliposema Sechelela, nikajua faili ni lipi, maana lilikuwa mezani kwangu, linangoja kupelekwa kwa afisa ardhi. Nikamuuliza kama mumewe aliwahi kuuza. Akasema mumewe aliugua mwaka mzima, hakuuza hata kuku bila kumwambia. Na hati ilifikaje kwa Daudi? Akasema siku ya msiba Daudi aliomba ufunguo wa sanduku, akasema atazitunza karatasi za marehemu, wageni ni wengi na mkono wa mtu haujulikani. Nyinyi mnaonisikiliza, hapo pawekeeni alama. Kwenye msiba watu hukumbuka kuhesabu sahani za kukodi, na hati ya nyumba anapewa wa kwanza kuiomba.

Nikamfungulia faili, nikamwonyesha ile ridhaa. Akainama, akaitazama muda mrefu.

"Hili dole la nani?"

"Limeandikwa ni la kwako, mama."

Akaniangalia mimi, si karatasi. "Na wewe ukaamini?"

Nikaona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

"Nipe kalamu," akasema. Nikampa, na kipande cha karatasi. Akaandika jina lake lote, kwa herufi za kulalia upande, zimeshikana vizuri, na sahihi chini. "Mimi ni mwandishi wa akina mama kanisani kwetu. Vikao vyote, hata vya kwaya, ninaandika mimi. Nilijifunza kisomo cha watu wazima wakati mtoto wangu wa kwanza yuko mgongoni, na toka siku hiyo sijaweka dole mahali. Daudi hajui. Angejulia wapi? Hajawahi kuniona kama mtu wa kuandika kitu."

Nilimwamini palepale, lakini kuamini kwangu kusingemsaidia. Daudi angesema shemeji yake amejifunza kuandika juzi. Nilihitaji karatasi ya zamani, na ndipo nikamkumbuka Mzee Lameck na rula yake. Nikaligeuza lile faili, nikaanza chini. Barua ya maombi ya kiwanja. Ramani. Stakabadhi. Halafu, namba saba kwa wino mwekundu, ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, umekuwa wa njano, mwandiko wa kulalia upande:

"Kwa Bwana Ardhi. Mimi ni mke wa mwenye kiwanja. Mume wangu yuko safari. Ng'ombe wa jirani wakati wa kulima wameng'oa jiwe la mpaka na sasa jirani analinolea jembe. Naomba mje mlirudishe mahali pake kabla hajalizoea." Na chini yake sahihi, ile ile.

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Karani mwenzangu akadhani nimepata msiba. Nikamgeuzia Mama Sechelela ile barua, akaisoma, akasema tu, "Lilirudishwa. Lakini alikuwa ameshalizoea."

Sasa mnielewe hatari ilivyokuwa. Faili lilikuwa limekamilika kwa macho ya mtu mwenye haraka. Afisa likimfikia akatia saini, likaenda kwa msajili, jina la Daudi likaingia daftarini, siku hiyo hiyo mnunuzi angechukua. Yule mama angebaki kushtaki watu wawili badala ya mmoja, akiwa nje ya nyumba. Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. Kwanza nilimwambia mama aende leo leo kwa msajili akaweke zuio. Zuio ni maombi ya kiapo kwamba una maslahi katika ardhi hiyo, na likishaingia daftarini, milki haihami mpaka wewe usikilizwe. Hata kama hati imeshikwa na mwingine, mke ana haki ya kuliweka. Nikamwandikia orodha ya anavyohitaji: cheti cha ndoa, cheti cha kifo, kiapo cha mbele ya wakili. Cheti cha ndoa alikuwa nacho kwenye mkoba. Sijui alijuaje kuja nacho.

Pili nikaandika dokezo. Nikaeleza kwamba fomu ya ridhaa ina dole gumba wakati karatasi namba saba ya faili hili hili inaonyesha mhusika anajua kuandika na kusaini, na kwamba mhusika amefika ofisini na kukana. Nikaongeza mstari mmoja ambao mkono wangu ulisita kuuandika: kwamba mimi niliyepokea maombi haya sikukagua faili lote. Nikatia namba, tarehe, sahihi.

Afisa wetu alikuwa kijana, si mtu mbaya, ila alipenda meza iwe tupu kabla ya saa tisa. Akaniita.

"Bi Agnesi, hii karatasi ya nini? Huyu bwana amenipigia simu mara nne. Itoe, tupitishe, kama kuna mgogoro watakutana huko mbele."

"Haitoki, bosi. Ina namba."

"Basi ifute."

"Dokezo halifutwi, linajibiwa. Andika hapo chini kwamba umeliona na umeamua kupitisha, utie saini yako, mimi nitalipeleka sasa hivi."

Akashika kalamu. Nikasimama pale namtazama, sura nimeikaza. Akaisoma barua ya jiwe la mpaka, akaisoma tena. Hatimaye akaandika: "Lisubiri uamuzi wa baraza la ardhi." Akanirudishia bila kuniangalia. Nilitoka mle ofisini nikiwa mrefu kuliko Daudi.

Mama Sechelela aliweka zuio alasiri ile ile. Daudi alipokuja kufuatilia akaambiwa milki imefungwa, na ule udada wetu ukaisha hapo hapo. Alinionyesha kidole akasema nitajuta. Nikamwambia, "Kwa sasa kaa kwenye benchi, kuna watu mbele yako."

Shauri likaenda baraza la ardhi. Nikaitwa kupeleka faili na kueleza. Daudi hakukosa jibu. Akasema ni kweli shemeji yake anajua kuandika, lakini siku ya mauziano alikuwa ameungua mkono kwa uji, hakuweza kushika kalamu, ndiyo maana akaweka dole. Watu wakatazamana, maana uongo huo ulikuwa na mantiki. Nikaanza kuhofu.

Mama Sechelela akasimama. "Mwenyekiti, kama niliweka dole, dole si ninalo hapa? Lilinganisheni."

Mwenyekiti wa baraza akamuuliza Daudi kama ana pingamizi. Daudi akasema hana. Mwenyekiti akasema basi, ili kazi iwe moja, wachukuliwe alama wote wawili. Hapo ndipo nilipomwona yule bwana anavuta shingo ya shati.

Majibu ya mtaalamu yaliporudi, mwenyekiti aliyasoma kwa sauti ile ile ya kusomea mambo yote. Dole lililo kwenye fomu ya ridhaa si la Sechelela. Ni la Daudi, dole gumba la kulia. Mtu alikuwa ameridhia kwa niaba ya mke wa kaka yake, kwa kidole chake mwenyewe, akijiuzia nyumba. Mzee mmoja nyuma yangu alicheka hadi akatolewa nje. Mauziano yakatupwa, hati ikaamriwa irudishwe, na Daudi akawa na maelezo mengine ya kutoa kwa polisi, ambayo si habari yangu.

Lakini ngojeni, msidhani nyumba ikawa ya mama siku hiyo. Hapa ndipo wengi wenu mnapolala. Mtu akishinda shauri anarudi nyumbani, anapika pilau, hati inabaki kwa jina la marehemu, na baada ya miaka anatokea Daudi mwingine. Nilimwambia, mama, bado. Akaenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi, akateuliwa kuwa msimamizi, watoto wake wawili wakaandika kuridhia nyumba iwe ya mama yao, wao wenyewe, mmoja alisafiri kutoka Mwanza kuja kusaini mbele ya hakimu. Ndipo uhamisho ukaletwa kwetu. Nilipokea faili lile kwa mikono miwili. Na safari hii nilianza chini.

Siku hati ilipotoka, dirisha lilikuwa na mstari mrefu, watu wa viwanja vya Ipagala, madalali, wakili mmoja anatazama saa kila baada ya dakika. Mama Sechelela alikuja na lile gauni la kitenge. Nikamwekea hati mezani, nikamfungulia kitabu cha kuchukulia, nikamwonyesha pa kusaini.

"Ngoja kwanza," akasema.

Akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti, tangu neno la kwanza. Alisoma namba ya kiwanja, kitalu, eneo, masharti ya matumizi, muda wa milki. Penye maneno magumu ya wapima alisimama, akayakata vipande vipande, akayashinda, akaendelea. Wakili akaguna, na yule aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega akamwambia atulie, mama anasoma. Alipofika kwenye jina la mmiliki akapunguza mwendo, akalisoma majina yote matatu, kisha akalirudia, mara ya pili kwa sauti kubwa kidogo, hadi wa mwisho mlangoni akasikia nyumba ile ya Mkonze ni ya nani.

Akaikunja miwani.

"Nimeelewa yote," akaniambia. "Haya, nipe kalamu."